Massey 35: nitie Perkins 4.236 au injini ya Hiace? Nijibuni kabla ya Ijumaa

Mkwezi_Matuga
Salaam aleikum. Nina kitrekta cha marehemu babu, Massey Ferguson 35, kiko shambani Matuga. Injini imechoka, inavuta pumzi kama mwenye pumu. Nimeonyeshwa mbili: dizeli ya Perkins 4.236 iliyotolewa kwenye jenereta, iko Shimanzi, na dizeli ya Toyota Hiace iitwayo 3L, iko Changamwe, nusu ya bei. Wa Perkins anataka jibu Ijumaa. Nichukue ipi?

Spana17
Waaleikum salaam. 35 ipi kaka? Kuna ya petroli, kuna ya dizeli silinda nne ya kampuni ya Standard, ile inayogoma kuwaka asubuhi, na kuna ya Perkins silinda tatu iliyoanza mwisho wa 1959. Halafu hujasema nguvu za ziada wazitakia nini.

MzeeWaPlau
Chukua Perkins, funga mjadala. Hiace ni ya kubebea abiria.

Spana17
Usifunge bado, mzee wangu. 4.236 ni lita 3.9. Ile ya silinda tatu, 3.152, ni lita 2.5, na 35 yote ni kama farasi 37. Akiirundikia karibu mara mbili ya nguvu hizo, giaboksi na difu ni zilezile za babu. Itakayolia ni pinioni, ile gia ndogo ya difu. Tena trekta hii haina chasisi, injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: mbele inashika ekseli, nyuma inashika giaboksi. Sampu ya trekta, lile beseni la oili chini ya injini, ni chuma kizito cha kusubu. Ya jenereta yaweza kuwa bati tu. Na pampu ya jenereta imefungwa ikae raundi moja kutwa, sasa utalimaje?

Kombo_Likoni
Mimi yamenikuta, wacha niseme. Tulikuwa na Ferguson ya kijivu, TE20, ya petroli. Petroli ilipopanda, fundi mmoja akatushawishi atie dizeli ya pikapu. Akachomelea fremu ya chaneli huku na huku, maana sampu ya pikapu haibebi kitu. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi alilikata kwa grainda, akipima kwa jicho.

Siku ya kuwasha, mtaa mzima ulikuja kutazama. Balaa ilianza kwenye pampu ya maji. PTO ya Ferguson, ile shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, yataka injini iwe kama raundi 1500 ndipo shafti ifike 540. Pikapu kwenye 1500 bado imelala, maji hayapandi. Ukikanyaga mafuta ipate nguvu, shafti yakimbia mpaka pampu yapiga kelele.

Wiki ya pili nikaona oili inatona chini ya klachi. Nikainama na sarafu ya shilingi ishirini, nikaijaribu kwenye maungio: ikaingia nusu. Nikamwambia fundi, akasema ni rangi imebanduka. Wallahi, rangi! Jumamosi plau ikanasa kwenye kisiki cha mnazi. Nilisikia "ta!", pua ya trekta ikainama kama ng'ombe anayekunywa maji, rejeta ikapasuka, na mimi nimekaa juu na usukani mkononi usiozunguka kitu.

MamaMihogo
Pole baba. Lakini kisiki cha mnazi hakilimwi, huchimbwa kwanza.

Kombo_Likoni
Bi mkubwa, kilikuwa chini ya mchanga, hakionekani.

MamaMihogo
Minazi hukatwa ovyo siku hizi, wakishauza mbao hawang'oi mizizi. Shamba letu jembe limevunjika mara tatu. Na huyu ndugu hajasema ana ekari ngapi.

MzeeWaPlau
Kombo, kosa ni la fundi, si la injini. Perkins P3 zilitiwa kwenye Ferguson hizo Uingereza miaka ya hamsini, na zilifanya kazi.

Spana17
Zilitiwa kwa vifaa vilivyotengenezwa maalumu, mzee, si kwa grainda. Na P3 ni silinda tatu, si nyumba ya ghorofa.

Mkwezi_Matuga
Samahani, nilikuwa kivukoni. Ni silinda tatu, nadhani. Kazi ni plau ya diski tatu na boza la maji.

Spana17
"Nadhani"! Hesabu nozeli za kunyunyizia dizeli, moja kwa kila silinda. Zikiwa tatu, hiyo ni 3.152, ukoo mmoja na ya Massey 135 na 240. Slivu na pistoni zimejaa madukani. Diski tatu ni nyingi kwa 35, toa moja. Matairi yakiteleza, yatie maji upate uzito, maana farasi wa kuzungusha tairi mahali pamoja hawakusaidii. Umepima kompresheni? Umefungua lile bakuli la oili la chujio la hewa?

Mkwezi_Matuga
Kompresheni sijapima. Bakuli nimelifungua leo asubuhi. Oili imekuwa ugali mweusi, na bomba la juu nyigu wamejenga, nimetoa udongo ujazo wa kikombe cha kahawa. Nimesafisha. Moshi umepungua, ila bado inatoa wa buluu ikipanda mlima. Wa Perkins amepiga simu tena, ameshusha elfu ishirini.

MzeeWaPlau
Elfu ishirini! Chukua hiyo.

Spana17
Moshi wa buluu ni oili inaungua. Ringi hizo. Pima kompresheni kwanza, jamani.

Kombo_Likoni
Ukiitoa ya zamani usiuze skrepu, nipe bei ya bloku. Nataka nanga ya mashua.

MamaMihogo
Ekari ngapi?