Mada: Kura yetu Uingereza: nani anayo, jina gani liandikwe, na mbunge yupi aandikiwe

Kutoka: Mwanachama, Leicester

Ndugu zangu, salaam.

Tangu Novemba 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani Shabana Mahmood alipotangaza mpango wa kurefusha muda wa kungoja ukaazi wa kudumu, yaani ILR, barua nyingi hapa zimekuwa zikiishia na maneno yale yale: "lakini sisi hatuna kura." Kwa walio wengi kwenye orodha hii, hilo si kweli.

Sheria ya uchaguzi ya 1983 inampa kura raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza, mradi ana kibali halali cha kuwepo nchini au hahitaji kibali. Kura hiyo ni kamili, ya diwani, ya meya na ya mbunge wa Westminster, yaani Bunge la Uingereza yote. Hakuna sharti la uraia wala la ILR. Viza ya kazi, ya masomo, ya mwenza, zote zinatosha. Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Rwanda imo tangu 2009, na Msumbiji tangu 1995. Kama kibali chako kimefika mwisho lakini uliomba kukiongeza kabla hakijaisha, sheria inakuhesabu bado una kibali mpaka upewe jibu. Anayengoja uamuzi wa ukimbizi bila kibali chochote hana kura.

Kujiandikisha ni kwenye gov.uk/register-to-vote, dakika kama tano. Andaa namba ya NI, yaani National Insurance, bima ya taifa (herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja, iko kwenye hati ya mshahara na kwenye P60, hati ya kodi ya mwaka). Usipokuwa nayo, eleza sababu kwenye fomu. Ofisi ya uchaguzi ya halmashauri itakuomba vielelezo vingine, hasa pasipoti. Mahali pa uraia andika Tanzania, au Kenya, kama ulivyo. Ukiulizwa kuhusu daftari la wazi, kataa: hilo linauzwa kwa kampuni yoyote inayolitaka. Daftari kamili ndilo la kura, na ndilo ambalo kampuni za kupima mikopo hulitazama unapoomba simu ya mkataba au mkopo wa nyumba.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili. Mtu anadhani akilipa kodi ya halmashauri basi ameshaandikishwa. Hapana, ni vitu viwili tofauti. La pili ni kuhama: ukihama, hata mtaa wa pili, unajiandikisha upya. Daftari halikufuati. Wala hakuna tovuti ya taifa ya kuangalia kama umo. Piga simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako, watakujibu papo hapo.

Kutoka: Mama, Reading

Asante mwanangu kwa maelezo. Wengine huku tunaogopa kwa sababu mbili. Viza zetu zimeandikwa kwamba haturuhusiwi fedha za umma. Je, kupiga kura kunaivunja hiyo? Na sisi Watanzania, ambao mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, tukiandikishwa si tutaonekana tumechukua uraia wa huku?

Kutoka: Mwanachama, Leicester

Shikamoo mama. Yote mawili, hapana. Fedha za umma ni misaada ya serikali, kama Universal Credit na nyumba za halmashauri. Kura haimo. Na uraia haubadiliki hata kidogo: unaandikishwa kama Mtanzania, kwa haki ya Mtanzania aliye katika Jumuiya ya Madola. Haki hii ni masalia ya enzi ambapo watu wa dola ya Uingereza walihesabiwa raia wa mfalme mmoja. Baada ya uhuru wa nchi zetu haikuondolewa.

Jambo la kuogopa ni moja, mama: kudanganya kwenye fomu. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi ni kosa la jinai, adhabu yake ni faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi sita, na baadaye litaonekana unapoomba uraia. Kwa hiyo asiye na haki asijiandikishe "kujaribu".

Kutoka: Mwanachama, Glasgow

Naongezea kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman, ambao nchi zao hazimo katika Jumuiya ya Madola. Kama mnaishi England, hamna kura kwa pasipoti hizo. Lakini Scotland na Wales zilibadilisha sheria zao mwaka 2020 na 2021: mgeni yeyote mwenye kibali halali anapiga kura ya halmashauri na ya bunge la huku, la Holyrood (Scotland) au la Senedd (Wales). Na umri ni miaka 16, si 18. Kijana wa Kikongo wa miaka 16 hapa Glasgow ana kura ya Holyrood ambayo baba yake mdogo aliyeko Birmingham hana ya aina yoyote.

Msisahau mpaka wake, hata hivyo. Uhamiaji ni mamlaka ya Westminster peke yake. Mbunge wa Holyrood hawezi kuigusa viza yako. Kura ya Holyrood ni ya shule, hospitali, nyumba na sheria za wapangaji, mambo yanayotugusa kila wiki.

Kutoka: Mwanachama, Birmingham

Mimi nataka tukae kwenye suala la jina, maana hapo ndipo watu wetu wanapokwama wakiwa tayari wamefika kituoni.

Tangu Mei 2023, kwa Sheria ya Uchaguzi ya 2022, anayepiga kura kituoni England lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Kwa uchaguzi wa wabunge wa Westminster ni hivyo Uingereza yote. (Chaguzi za halmashauri na za mabunge ya Scotland na Wales hazidai kitambulisho.) Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, zote, hata kama imekwisha muda, ilimradi sura kwenye picha bado ni yako. Leseni ya udereva ya Uingereza inakubalika, hata ile ya mwanafunzi ya pauni 34. Leseni ya nyumbani haikubaliki. Kadi ya zamani ya ukaazi, ile BRP, inakubalika nayo hata ikiwa imepita muda, kwa hiyo msizitupe. Lakini viza ya kidijitali kwenye simu haifai, wala picha ya pasipoti kwenye simu. Lazima kitu chenyewe kiwe mkononi. Kadi ya chuo pia haifai.

Sasa jina. Kwetu mtu ni jina lake, la baba, la babu. Fomu za huku zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Fatma Salim Juma anajikuta kazini ni Fatma Juma, benki ni Fatma Salim, na kwenye barua za halmashauri ameandikwa kwa jina la mume, ambalo kwa mila za pwani hajawahi kulichukua. Akijiandikisha kwa jina la zile barua, halafu akaja na pasipoti, msimamizi wa kituo anaona watu wawili. Tofauti ndogo ya herufi, Mohamed na Mohammed, kwa kawaida haileti shida. Jina la ukoo tofauti kabisa linaleta.

Kwa hiyo: fungua pasipoti, nakili majina kama yalivyoandikwa, katika mpangilio ule ule, kwenye fomu ya kujiandikisha. Kama umeshaandikishwa kwa jina jingine, iandikie ofisi ya uchaguzi ikurekebishie mapema. Kama siku imefika na hujarekebisha, beba hati inayounganisha majina, mfano cheti cha ndoa.

Asiye na kitambulisho kinachokubalika anaweza kuomba cheti cha bure kwenye gov.uk, kitafute kwa jina la Voter Authority Certificate. Utahitaji picha kama ya pasipoti na namba ya NI.

Kwa kina mama wanaovaa nikabu: una haki ya kuomba uonyeshe uso faraghani, na kuomba afisa mwanamke. Kila kituo kinatakiwa kiwe na sehemu ya faragha na kioo. Omba bila kuona haya.

Kutoka: Mwanachama, Cardiff

Kuhusu tarehe, nitumie uchaguzi mkuu wa Alhamisi 4 Julai 2024 kama kipimo, kwani hesabu ni ile ile kila mara. Kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla (ilikuwa Jumanne 18 Juni). Kuomba kura ya posta ni siku 11 za kazi. Kuomba mtu akupigie kura, au kuomba kile cheti cha bure, ni siku 6 za kazi, na maombi hayo matatu, ya posta, ya mtu wa kukupigia na ya cheti, yanafungwa 5pm. Hiyo ni saa kumi na moja jioni, si saa tano. Watu wamekosa kura kwa tafsiri hiyo tu. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi, hufungwa saa nne usiku, na aliyekuwa foleni saa nne ikigonga anaruhusiwa kupiga.

Kura ya posta haihitaji kitambulisho. Lakini ina mtego: kwenye karatasi ya uthibitisho unaandika tarehe yako ya kuzaliwa na sahihi. Watu wanaandika tarehe ya leo, na kura inakataliwa. Wengine wanaweka sahihi nzuri kwenye maombi na ya haraka kwenye karatasi; zisipofanana, imekataliwa. Chagueni sahihi moja rahisi.

Kama utakuwa nyumbani Mombasa au Dar wakati wa kura, usiombe posta itumwe huko. Bahasha haziwahi kwenda na kurudi. Chagua mtu unayemwamini akupigie. Lazima awe ana haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi huo, na atabeba kitambulisho chake, si chako.

Kutoka: Mwanachama, Coventry

Nirudi kwenye lililoanzisha mazungumzo. Mpango wa serikali ni huu: badala ya miaka 5, msingi uwe 10. Wafanyakazi wa ngazi za chini ya shahada, na hapo ndipo waliko wengi wetu wa kazi za matunzo, 15. Wakimbizi 20. Inapungua kwa wenye kipato: anayepata zaidi ya pauni 50,270 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, anapunguziwa 5. Wauguzi, madaktari na walimu wa umma nao wanapunguziwa 5, na Kiingereza cha ngazi ya C1 kinapunguza mwaka mmoja. Wenza wa raia wa Uingereza wanabaki na 5. Kinachouma ni kwamba pendekezo linawagusa hata walioko nchini tayari, waliokuja kwa ahadi ya miaka 5. Maoni ya umma yalipokelewa hadi 12 Februari 2026. Nacho chama cha Reform UK kilisema Septemba 2025 kwamba kikishika serikali kitaifuta ILR kabisa. Na wapo wanaotaka hata kura ya Jumuiya ya Madola iondolewe. Si wazo jipya, Lord Goldsmith, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali, alilipendekeza kwa uchaguzi wa taifa mwaka 2008.

Je, kura zetu chache zina uzito? Jimbo la Hendon, London, mwaka 2024 liliamuliwa kwa kura 15. Poole kwa 18. Ukumbi mmoja wa harusi yetu una watu wengi kuliko hao.

Na hata usiye na kura una mbunge, ndugu yangu. Mbunge anamhudumia kila mkazi wa jimbo lake. Mtafute kwa postikodi kwenye tovuti ya Bunge. Juu kabisa ya barua weka anwani kamili na postikodi. Bila hiyo ofisi haiwezi kujua kama wewe ni wa jimbo hilo, na wabunge hawashughulikii watu wa jimbo la mwenzao. Ukurasa mmoja unatosha. Taja aina ya viza, tarehe ulipopewa mara ya kwanza, tarehe ambayo ungetimiza miaka 5, kazi unayofanya na mahali. Kisha omba jambo moja tu: kwamba waliokwisha kuanza njia ya miaka 5 wamalize kwa masharti waliyoanza nayo. Tafadhali msinakiliane barua. Ofisi zinazikusanya zinazofanana na kuzijibu kwa jibu moja lililochapwa tayari. Barua yenye zamu zako za usiku na jina la mji wako inasomwa.

Kama ni kesi yako binafsi iliyokwama, toa namba ya kumbukumbu na kibali cha maandishi cha ofisi kukuulizia. Mbunge hawezi kubatilisha uamuzi, ila swali lake hujibiwa.

Maombi ya umma kwenye tovuti ya Bunge nayo ni wazi kwa yeyote anayeishi Uingereza. Sahihi 10,000 serikali inajibu. 100,000 yanafikiriwa kwa mjadala. Ya ILR yalifika Westminster Hall, ukumbi wa mijadala wa Bunge, Septemba 2025 kwa njia hiyo.

Kutoka: Mama, Reading

Nimesikia kadi ya benki sasa inakubalika kituoni, na vijana wa 16 huku England wanapiga. Ni kweli?

Kutoka: Mwanachama, Leicester

Mama, hayo yamo kwenye mpango ambao serikali iliutoa Julai 2025, pamoja na kuandikisha watu moja kwa moja bila wao kuomba. Mpango hauwi sheria mpaka Bunge limalize kazi yake na tarehe ya kuanza itangazwe. Karatasi ya taarifa ya kura inayoletwa nyumbani kabla ya uchaguzi huandika vitambulisho vinavyokubalika safari hiyo. Fuata hiyo, na mkobani weka pasipoti. Kijana wa 16 England ajiandikishe tu tangu sasa, anaruhusiwa, ili siku haki yake ikifika jina liwe tayari limo.