Naomba ushauri: kadi ya harusi ya Kisindhi, maandishi mawili tofauti

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada hasa nyie mnaodizaini. Niko Dubai duka la uchapaji, kuna mzee Msindhi (watu wa Sindh, Pakistan, wengine wako India) kaleta kadi ya harusi, upande mmoja anataka herufi za Kiarabu kama wanavyoandika Pakistan, upande wa pili Devanagari (herufi zinazoandikia Kihindi), maana ndugu zake wako India na vijana wa huko wengi hawasomi ile ya Kiarabu.

Sasa Kisindhi kina herufi 52 na kibodi yangu ni ya Kiurdu, haina ٻ wala ڄ wala ڳ. Nikakopi kwenye meseji yake, fonti yetu ya kadi ikaleta viboksi vitupu. Halafu ڪ na ک kwao ni k na kh (k yenye pumzi), ukichanganya neno limekufa. Nimejaribu programu ya kugeuza kwenda Devanagari lakini kwenye ile ya Kiarabu irabu fupi hazijaandikwa kwa hiyo inabahatisha tu, majina ya maharusi ndo yametoka hovyo (na hapo ndo pa kugombana na mteja).

Fonti gani nzuri ya kadi ina herufi zote za Kisindhi? Na kwenye Devanagari, vile vistari vya chini ya ॻ na ॿ ni lazima, au watu wa India wanasoma tu bila hivyo? Sampuli anaitaka Alhamisi.