Je, muziki wa panki unafaa kuwakumbuka waliofia uwanjani?

Mpiga Gitaa, Kisumu

Ndugu na dada zangu, ninaomba ushauri kuhusu jambo lililoninyima usingizi tangu mwezi uliopita. Tulikuwa vijana wanne tuliosoma pamoja hapa Kisumu, na kwa miaka mitano hivi tulipiga muziki wa panki katika kumbi ndogo za mjini: gitaa mbili, besi na dramu, nyimbo fupi zenye hasira kuhusu ukosefu wa ajira na askari wa kanjo. Kisha maisha yakatutawanya. Mmoja alihamia Eldoret, mwingine aliokoka akaacha dramu, wa tatu ni dereva wa lori, nami nina duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Kibuye. Sasa tumezungumza tena, na tungependa kupanda jukwaani mara moja tu, ili kuwakumbuka watu saba waliofariki katika ajali ya mkanyagano kwenye Uwanja wa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mechi ilichezwa Nairobi, lakini timu hizo mbili ni za huku kwetu, na msiba ule sisi tuliupokea kama wa nyumbani.

Wazo lenyewe lilitujia tuliposikia kwamba Mick Jones wa kundi la panki la The Clash aliwahi kukusanyika na wenzake huko Uingereza wakapiga muziki kwa ajili ya mashabiki wa Liverpool waliokufa uwanjani. Nilipomweleza mjomba wangu, alininyamazia kwa muda, kisha akasema kwamba tunataka kuwafanyia marehemu disko matanga. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu sikuwa na jibu. Je, makelele ya gitaa yana nafasi katika maombolezo? Waingereza wale walifanyaje hata wasionekane wanajitafutia sifa? Na fedha za kiingilio, zikipatikana, ziende wapi?

Mwalimu, Nakuru

Ndugu Mpiga Gitaa, nimefundisha historia hapa Nakuru kwa miaka mingi na nimekuwa shabiki wa Liverpool tangu utotoni, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, unisamehe.

Kwanza, The Clash haikuungana upya. Mick Jones alifukuzwa katika kundi hilo mwaka 1983, kundi likavunjika mwaka 1986, na Joe Strummer, ambaye alitunga naye nyimbo nyingi, alifariki Desemba 2002. Mwezi mmoja tu kabla ya kifo hicho, Jones alikuwa miongoni mwa watazamaji katika ukumbi wa Acton, London, Strummer alipokuwa akipiga muziki kuwachangia wazima moto waliokuwa wakidai mishahara bora. Jones aliinuka, akapanda jukwaani bila kuitwa, akachukua gitaa. Walikuwa hawajasimama jukwaa moja kwa karibu miaka 20. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu linajibu sehemu ya hofu yako: kilichowarudisha pamoja ni shida ya watu wengine.

Mwaka 2011 Jones alifanya jambo la namna hiyo kwa mara nyingine. Alijiunga na Pete Wylie na kundi la The Farm lililoongozwa na Peter Hooton, wote wa Liverpool, wakazunguka miji ya Uingereza kwa jina la Justice Tonight, yaani Haki Usiku Huu, kuunga mkono kampeni ya familia za mashabiki wa Liverpool waliokufa katika uwanja wa Hillsborough, naye akaziimba tena nyimbo za The Clash. Yeye ni mtu wa London, na hakufiwa na ndugu Hillsborough. Hata hivyo alikubali kuwa mpiga gitaa katika kampeni iliyokuwa na wenyewe.

Ili uelewe kampeni hiyo ilidai nini, ni lazima ujue kilichotokea. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilikuwa ikicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walielekezwa kwenye malango machache ya upande wa Leppings Lane, wakasongamana nje. Saa nane na dakika 52 alasiri polisi walifungua Lango C, ambalo ni la kutokea, na watu wapatao 2,000 wakaingia. Mbele yao kulikuwa na njia moja iliyopita chini ya jukwaa la watazamaji hadi kwenye vizimba viwili vya katikati, na vizimba hivyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Hakuna aliyeifunga njia hiyo wala kuwaelekeza watu pembeni, ambako kulikuwa na nafasi. Walio mbele walibanwa kwenye uzio wa chuma. Mechi ilianza saa tisa kamili na kusimamishwa dakika sita baadaye. Waliokufa ni 97, wa mwisho wao akiwa amefariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile.

Siku nne baada ya maafa, gazeti la The Sun lilidai katika ukurasa wake wa kwanza kwamba mashabiki waliwaibia maiti. Mwaka 1991 uchunguzi wa vifo ukaamua kwamba ilikuwa ajali. Familia zilikataa uamuzi huo kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo wanamuziki walikuwa upande wao: kulikuwa na tamasha kubwa uwanjani Anfield mwezi Mei 1997, kisha ikaja ziara hii ya akina Jones. Tarehe 17 Oktoba 2011 Bunge la Uingereza lilijadili kutolewa kwa nyaraka zote zilizofichwa, na mbunge Steve Rotheram akayasoma majina ya marehemu, ambao wakati huo walikuwa 96, ili yaingie katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Ziara ilikwenda mijini wiki chache tu baadaye, wakati nyaraka zikiwa bado zinasubiriwa. Mnamo 12 Septemba 2012 jopo huru lilitoa ripoti yake: taarifa 164 za polisi zilikuwa zimebadilishwa, na huenda watu 41 wangepona kama wangehudumiwa ipasavyo. Uamuzi wa zamani ulifutwa Desemba mwaka huo. Mwezi Aprili 2016 uchunguzi mpya uliamua kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Hata hivyo, hakuna mtu aliyekwenda jela kwa vifo hivyo.

Kuhusu fedha, Desemba 2012 Jones, Hooton na wanamuziki wengine wengi, akiwemo Paul McCartney, walirekodi wimbo uliofika nambari ya kwanza Krismasi ile, na mapato yake yakaelekezwa kwenye gharama za mawakili wa familia. Fedha zilikwenda pale ambapo familia zilisema pana pengo.

Fundi wa Spika, Kondele

Shemeji, mimi ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, na nadhani wewe ni wa Gor, basi tuzungumze kama mashemeji. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti kwenye mazishi, harusi na mikutano, na usiku mwingi nimelala matangani nikilinda jenereta.

Mjomba wako ana haki ya kuogopa. Disko matanga ilianza kama njia ya kuwapa waliofiwa fedha za jeneza na chakula, lakini pale ambapo watu wazima waliacha kuisimamia iligeuka mahali pa kuharibia watoto wa shule, ndiyo maana serikali iliipiga marufuku. Hata hivyo asikwambie kwamba kelele ni ngeni katika misiba yetu. Kwenu Waluo kuna tero buru, ambapo wanaume hukimbia na mifugo, ngao na nyimbo za vita ili kukifukuza kifo kutoka bomani, na mtu aliyewahi kuiona hawezi kusema kuwa ni jambo la kimya. Kwetu, Waisukha na Waidakho hupiga isukuti kwenye mazishi, na ngoma hizo hizo tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ndizo tunazopeleka uwanjani Leopards inapocheza. UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014. Kwa hiyo suala la sauti kubwa lisikusumbue. Kinachowafanya wazee wakasirike ni ngoma isiyo na mwenyewe: haijulikani nani aliyeiita, anaombolezewa nani, na itakwisha saa ngapi.

Sasa nikwambie jambo ambalo kwangu ni zito kuliko muziki wenyewe. Mnawakumbuka watu waliofia langoni, basi lango lenu liwe la kwanza kupangwa, hata kabla ya orodha ya nyimbo. Nimefanya kazi katika kumbi ambazo mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bure, na kila mara nimekaa na hofu hadi asubuhi. Tafuta ukumbi wenye milango miwili au zaidi inayofunguka kwa nje, weka mtu mwaminifu penye kila mlango, naye asiwe na kazi nyingine yoyote, na mhesabu wanaoingia. Uzeni tiketi mapema kwa M-Pesa ili pasiwe na foleni ya fedha taslimu mlangoni, na ukumbi ukijaa, funga mauzo hata kama shemeji yako mwenyewe yuko nje. Spika zisizibe njia. Mkubaliane na fundi kwamba mtu yeyote kati yenu akiinua mkono, sauti inakatwa papo hapo na taa zinawashwa. Pia mpeleke taarifa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mapema. Kwa mkutano wa hadhara sheria inataka iwe kati ya siku tatu na siku 14 kabla. Na kama mtapiga nyimbo za watu wengine, mlipie leseni ya mirabaha.

Mitambo yangu nitawapa bila malipo. Mafuta ya jenereta mtanunua ninyi.

Dada, Kakamega

Kaka Mpiga Gitaa, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Mimi nilifiwa na kaka yangu mdogo katika mkanyagano wa uwanjani, si huo wa Nyayo bali mwingine, ambao sitautaja. Alikuwa na miaka 19, na alikuwa amenunua jezi kwa fedha za kuchimba mtaro wa jirani.

Neno moja katika swali lako limenigusa vibaya, ingawa najua hukukusudia ubaya. Umesema ajali. Mwalimu ameeleza vizuri kwamba familia za Liverpool zilipigana na neno hilo kwa zaidi ya miaka 20, nami ninaelewa kwa nini. Ng'ombe akikatiza barabara usiku, hiyo naweza kuiita ajali. Lakini lango jembamba lilijengwa na mtu, tiketi zilihesabiwa na mtu, na kuna mtu aliyeamua ni nani afungue na lini. Watu wakishasema ajali hawaulizi tena. Katika msiba wetu, watu wa kwanza kuja walileta unga na sukari, nasi tulishukuru kwa dhati, lakini hakuna aliyekuja kutueleza mlango ulikuwa na nini. Mama yangu angali akiuliza swali hilo hadi leo.

Kwa sababu hiyo ninaona umeuliza kwa mpangilio usio sawa. Umeanza na muziki, ukaja kwa fedha, na familia hukuzitaja kabisa. Zitafute kwanza. Nendeni ninyi wanne pamoja, mchana, bila kamera na bila bango lililokwisha kuchapishwa, mkaketi na kueleza nia yenu. Huenda familia moja itataka ada ya shule, nyingine itataka jiwe lenye majina, nyingine itasema msilitaje jina la mtoto wao hadharani, na hiyo ya mwisho mtapaswa kuitii kama zile nyingine. Familia zikikataa tamasha lote, msifanye. Zikikubali, mwanafamilia mmoja awe katika kamati na awe mmoja wa wanaotia sahihi benki, ili asiletewe bahasha mbele ya watu kama mwombaji.

Kuhusu panki siijui sana. Nilimwomba binti yangu anichezee, na nilichosikia ni mtu mwenye hasira asiyetaka kunyamazishwa. Tulipokuwa mochari nilitamani sana mtu mmoja apige kelele za namna hiyo. Wote walikuwa wakituambia tutulie.

Mpiga Gitaa, Kisumu

Dada, nimesimamisha kila kitu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mchoraji aanze bango, na asubuhi hii nimempigia simu aache. Ninakuomba radhi kwa neno lile.

Mwalimu, nimewasomea wenzangu maelezo yako kwa simu, na mpiga dramu wetu, yule aliyeokoka, amesema atarudi ikiwa majina yatasomwa kabla ya sauti yoyote ya chombo na ikiwa hakutauzwa pombe. Tumekubali yote mawili. Wiki ijayo tutaanza kuzitafuta familia kupitia viongozi wa matawi ya mashabiki wa pande zote mbili, na mjomba amekubali kwenda nasi, kwa sababu amesema vijana wanne hawaendi kwa waliofiwa bila mzee. Tarehe hatujapanga.

Shemeji, mafuta ya jenereta yako juu yangu. Unawafahamu wapigaji wa isukuti wa Shinyalu ambao wangekubali kutangulia, kabla ya gitaa?

Fundi wa Spika, Kondele

Ninawafahamu. Lakini nao watakuuliza kwanza kama familia zimesema ndiyo, kwa hiyo nitawapigia utakaporudi.

Dada, Kakamega

Mkifika Kakamega katika safari hiyo, piteni kwangu mpate chai. Mama angependa kuwaona.