Kundi la WhatsApp la maktaba: matangazo yanazama

Swali: Wadau, maktaba yetu hapa Dodoma ina kundi la wasomaji. Tangazo la vitabu vipya likiwekwa asubuhi, mchana limeshazikwa na salamu na biashara za viatu. Tufanyeje?

Jibu: Kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Ila namba za wanachama bado zinaonekana, na kwa wanafunzi hilo linanitia hofu kweli. Chaneli ya WhatsApp, ambayo maktaba hutuma na wafuasi husoma tu, ni salama zaidi. Wafuasi hawaonani namba.

Jibu: Orodha ya matangazo (broadcast list), inayompelekea kila mtu ujumbe kivyake, nayo ina kikomo cha watu 256, na asiyehifadhi namba ya maktaba hapati kitu. Wasomaji waihifadhi palepale kaunta, siku ya kujisajili.

Jibu: Tafadhali, picha ya jalada isizidi KB 200, wa Kongwa na Chamwino wanategemea bando dogo. Jina la kitabu liandikwe chini yake, maana sehemu ya kutafuta hupekua maandishi.