Kisima cha mita 78 Kibaha: pampu ya HP 1 au HP 2 (nguvu ya mota)? Na pampu ikae mita ngapi?

BibiHesabu (Kibaha)
Habari za Jumapili. Nimestaafu ualimu, nimechimbisha kisima nyuma ya nyumba, kibali cha Bonde la Wami/Ruvu ninacho, sasa nimekwama dukani. Karatasi ya mchimbaji inasema: kina mita 78, keshingi (bomba la kuzuia kuta) ya plastiki ya inchi 5, vichujio (sehemu yenye matundu ya kuingiza maji) kuanzia mita 63 hadi 75. Maji yakitulia yako mita 31. Walipovuta lita 1,800 kwa saa, kwa saa sita mfululizo, yalishuka hadi mita 46 yakasimama hapo. Tangi ni la lita 2,000, mdomo wake uko mita 7 juu ya ardhi, na mnara uko mita 35 kutoka kisimani.

Duka la kwanza: "Mama, hicho kirefu, beba HP 2, maji yataruka." Duka la pili wanasema HP 1 yatosha, wakanionyesha kibandiko: H max (kimo cha juu kabisa) mita 98, Q max (maji mengi kabisa) lita 3,600 kwa saa. Nikamuuliza kijana, kisima changu ni mita 78, kwa hiyo 98 inabakiza 20? Akacheka. Nimefundisha hisabati miaka 31 na sijui alichochekea.

Mchimbaji naye anataka pampu ishushwe mita 76 "isije ikakosa maji". Bomba nilishanunua, roli la PN10 (daraja la presha) la milimita 32. Umeme wetu jioni taa huwa kama vibatari. Nisaidieni kabla sijatoa hela nyingine.

FundiPampu_Moro
Shikamoo mwalimu. Shukuru una karatasi, wengi hunijia na "kirefu tu, fundi".

Mita 78 zitoe kwenye hesabu. Pampu hainyanyui maji kutoka chini ya kisima, inayanyanyua kutoka pale uso wa maji unapokuwa wakati inavuta. Kwako ni 46. Ongeza 7 za mnara, ongeza kama 4 za msuguano ndani ya bomba. Ni 57, tuseme 60.

Kijana alichochekea ni hiki: ile 98 ni pampu ikisukuma huku juu umefunga koki, halitoki hata tone. Lita 3,600 ni pale isipokuwa na mlima wowote wa kupanda. Hazipatikani kwa pamoja! Dai karatasi yenye mchoro wa mstari uliopinda. Tafuta mita 60, soma lita. Ikitoa kati ya 1,400 na 1,600, chukua. Ikipita 1,800 iache hata ukipewa bure, maana kisima chako kimepimwa kwa kiasi hicho; ukikivuta zaidi unaweza kukikausha na mota ikaungua. Kwa kazi yako HP 1, yaani kilowati 0.75, inatosha.

Mita 76 hapana. Mota ya pampu hizi iko chini, mdomo wa kunyonya uko juu yake, na kinachoipoza ni maji yanayopita ubavuni mwake yakipanda kwenda mdomoni. Ukiizamisha chini ya vichujio, maji yanaingilia juu yake, mota inabaki kwenye maji yaliyolala, na mchanga nao unashukia hapo hapo. Weka mita 58. Bado utakuwa na mita 12 za maji juu yake.

Lile roli la PN10 samahani. Bomba hilo mwisho wake ni bar 10, sawa na mita 100 hivi, na pampu yako koki ikifungwa inafika 98. Mimi silishushi kisimani. Tafuta PN16.

KijanaWaMlandizi
Muulize fundi wako kamba. Mimi nilifungiwa ya katani, ikaoza mwaka wa pili. Tulipovuta, kiungo cha bomba kikachomoka na pampu ikaenda zake. Iko huko mpaka leo, imelala kwenye keshingi kama kizibo. Nunua ya nailoni, nene, ipite kwenye masikio yote mawili ya pampu. Na asiinyanyue kwa waya hata akiwa na haraka.

BibiHesabu
Marahaba, na pole kwa pampu, mwanangu. Nimeazima mita ya kupimia volti kwa jirani. Saa nne asubuhi volti 226, saa moja jioni 184. Kitabu cha pampu kinaruhusu pungufu asilimia 10 ya 230, yaani 207. Kwa hiyo jioni marufuku?

FundiPampu_Moro
Marufuku kabisa mwalimu. Weka kinga inayokata umeme ukishuka na inayozima maji yakikosekana, pamoja na floti tangini, ile swichi inayoelea ikazima pampu tangi likijaa. Waya wa milimita za mraba 2.5, usikubali 1.5 kwa umbali huo.

BibiHesabu
Narudi baada ya wiki tatu. HP 1, mita 58, kamba ya nailoni. Fundi alitaka kuacha waya ukining'inia wenyewe, nikasimama kisimani na kiti changu mpaka akaufunga kwenye bomba kila mita 3. Nusu saa ya kwanza yalitoka maji rangi ya ugoro, tukayamwaga, kisha yakang'aa. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 46, yaani lita 1,565 kwa saa. Tangi linajaa kwa saa moja na robo na kidogo, LUKU inakula uniti moja na nusu.

Roli la PN10 duka limekataa kulipokea. Nimelitandaza kutoka tangini hadi kwenye mchicha, huko halina presha ya kulitisha.