Kampuni za akili mnemba zilipie maandishi ya watu: hesabu ipigwe vipi?

Mtunza_Nyaraka:
Wakuu, mjadala huu kila siku unaishia kwenye "walipe" na "wasilipe". Haya, tuseme walipe. Walipie nini hasa: kuchukua nakala, kufundisha modeli (programu yenyewe ya akili mnemba), au jibu linalotoka? Na mwandishi mmoja aondoke na kiasi gani?

Mizania:
Hayo matatu yatenganishe, maana mahakama nazo zinayatenganisha. Kwenye kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni inayotengeneza modeli ya Claude, Juni 2025, Jaji William Alsup wa Marekani aliamua kwamba kufundisha modeli kwa vitabu ni matumizi halali, ila kupakua nakala za wizi na kuzirundika kwenye maktaba ya kampuni si halali. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Wengi wanaitaja hiyo kama bei ya kufundishia. Siyo. Ni bei ya uharamia, na kitabu ambacho hakikusajiliwa kwa wakati kwenye Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani hakikuingia hata kwenye orodha.

Ukigawa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, utalia. Llama 3, modeli ya kampuni ya Meta, ilifundishwa kwa tokeni zaidi ya trilioni 15. Kitabu cha Kiingereza cha maneno 100,000 ni kama tokeni 130,000. Weka mfuko wa dola bilioni 1, gawa sawasawa: kitabu kizima kinapata dola 8 na senti 67. Makala ya maneno 800? Senti 7. Kuituma tu hiyo hela ni ghali kuliko hela yenyewe.

Jibu linalotoka ni habari nyingine. Novemba 2025 mahakama ya Munich iliona kwamba mashairi ya nyimbo yaliyokaririwa na modeli za OpenAI, na kutolewa kwenye majibu, ni nakala, basi.

Kalamu_Risasi:
Ndiyo maana waandishi na wachapishaji wanaopata hela hawauzi tokeni, wanauza ufunguo wa mlango: kumbukumbu zilizopangwa, habari mpya kila siku, ruhusa ya kuonyesha dondoo. Kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins mwaka 2024 iliripotiwa kutoa leseni ya baadhi ya vitabu kwa dola 5,000 kila kimoja kwa miaka mitatu, nusu ya mwandishi na nusu ya mchapishaji.

Ukiletewa mkataba wa aina hiyo, angalia kwanza kama kufundisha na kutafuta majibu papo hapo (modeli kusoma maandishi yako wakati inamjibu mtu) vimetajwa kila kimoja peke yake, maana hicho cha pili ndicho kinacholipa tena na tena. Halafu kipengele cha mwisho wa mkataba. Kitabu hakifutiki ndani ya modeli kama faili, kwa hiyo "miaka mitatu" bila kusema modeli iliyokwisha kufundishwa itakuwaje ni maneno matupu.

Seva_Usiku:
Kabla ya bei, funga mlango. Kwenye robots.txt, faili la tovuti yako linaloziambia roboti zinazokusanya kurasa zisiguse nini, mkatalie roboti wa OpenAI hivi:

User-agent: GPTBot
Disallow: /

Rudia kwa CCBot (wa Common Crawl, hazina ya wazi ya nakala za tovuti), ClaudeBot (wa Anthropic) na Google-Extended. Hiyo ya mwisho si roboti inayojitegemea, ni alama tu. Googlebot, roboti wa utafutaji wa Google, ataendelea kuja na nafasi yako kwenye utafutaji haiguswi. Ulaya katazo hilo lina uzito zaidi: Maelekezo ya hakimiliki ya Umoja wa Ulaya ya 2019, kifungu cha 4, yanataka katazo linalosomeka na mashine kwa kazi zilizo mtandaoni.

Ila robots.txt ni ombi, si kufuli. Roboti mkaidi hujiita kivinjari cha kawaida, na huyo ni vigumu kumnasa; anayejitaja kwa jina mhakiki kwa kulinganisha anwani yake ya IP kwenye kumbukumbu za seva na orodha inayotolewa na kampuni husika. Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, tangu Julai 2025 wanajaribu kumjibu roboti kwa msimbo 402, yaani "lipa kwanza".

Mtunza_Nyaraka:
Na makala ambayo tovuti nyingine imeshainakili?

Seva_Usiku:
Hapo robots.txt yako haina kazi, roboti anasoma ya kwao. Watumie notisi ya kuondoa nakala. Na iliyokwisha kuingia Common Crawl miaka iliyopita, wengi wanayo tayari.

Mizania:
Ndipo ninapoona tozo ya jumla, kama ile inayotozwa kwenye mashine za kunakili ili waandishi walipwe, ina mantiki kuliko kumfukuza kila roboti. Ubaya wake: kampuni kubwa itailipa bila kutoka jasho, na maabara ndogo itafunga.