"Zanzibar siku 3, usiku 2": nimelipa 760,000 kuuona Mji Mkongwe dakika 160

Wakuu salaam. Modereta, naomba uzi huu usiunganishwe na zile za kusifia fukwe. Huu ni wa mtu aliyepigwa mchana kweupe.

Mimi na mke wangu kazi zetu hazipatani. Yeye anaingia zamu, mimi Jumamosi nyingi niko dukani. Wikiendi moja ya wote kuwa huru tumeitafuta tangu Pasaka. Tukaona tangazo kwenye grupu la WhatsApp: "Zanzibar siku 3, usiku 2, hoteli Mji Mkongwe, 380,000 kwa kichwa, kila kitu ndani." Mratibu simtaji jina, sina hela ya wakili. Tukatuma 760,000 siku hiyohiyo kwa kuogopa nafasi kuisha. Nafasi hazikuisha, kosta ilikuwa na viti sita vitupu.

Sasa sikilizeni siku za huyu jamaa zinavyohesabiwa.

Siku ya kwanza ni Ijumaa, boti ya saa kumi jioni. Yaani kukaa kwenye kiti masaa mawili huku abiria wa mbele yako anatapika kwenye mfuko, hiyo ni siku. Tumeshuka Malindi jua linazama. Kutoka pale bandarini hadi bustani ya Forodhani ni robo saa kwa miguu, ukitembea kivivu. Hatukwenda. Tumesimama na mabegi zaidi ya saa nzima tukingoja gari, na lilipokuja likaupa mji mgongo, likashika njia ya kaskazini. Nikauliza, kaka mbona tunauacha mji? "Usijali brother, hoteli ni hapo tu."

Hapo tu ni Bububu. Kilomita kama kumi! Mwaka 1905 kulikuwa na reli kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na naapa ile treni ingetuwahisha kuliko kosta yetu, maana dereva alisimama mara mbili kununua vitu vya nyumbani kwake na mara ya tatu kusalimiana na shemeji. Tumefika saa mbili na nusu usiku. Wali wa baridi, tukalala.

Jumamosi tumeambiwa saa mbili kamili kila mtu awe kwenye gari. Mimi na mke wangu saa mbili kasoro tumekaa. Tumeondoka saa nne na robo, kwa sababu kuna wawili walikuwa hawajaamka na mratibu mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Ukilalamika unaambiwa "huku ni pole pole." Wazanzibari wa humu mnisaidie: pole pole si mnaitumia kwa mambo yenu, au mmeruhusu watu wa bara waifanyie biashara?

Kituo cha kwanza, duka la viungo. Si shamba, duka! Dakika hamsini tunauziwa karafuu kwenye vipakiti, na nimemwona mratibu kwa macho yangu akivutwa pembeni na mwenye duka akirudi anakunja kitu mfukoni. Halafu kisiwa cha Changuu kuona kobe. Sina ugomvi na kobe, ni wakubwa ajabu, asili yao Aldabra kule Shelisheli, na mke wangu alifurahi kuwalisha majani. Lakini ngalawa ya kwenda tuliingoja, na ya kurudi tukaingoja tena.

Tumeingia Mji Mkongwe saa kumi kasoro dakika kumi. Nimeangalia saa makusudi.

Tangazo lilisema "kuingia Beit al Ajaib," yaani Jumba la Maajabu. Wakuu, jengo lile sehemu yake iliporomoka Desemba 2020! Nchi nzima ilisikia. Tumefika tumeoneshwa mabati. Mratibu akasema tupige picha na mabati. Ni wazi tangazo kalinakili mahali miaka hiyo na hajawahi kulisoma tena.

Mkunazini ndiyo iliniuma zaidi. Kanisa lile limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na nje kuna yale masanamu ya watu shimoni wamefungwa minyororo shingoni. Si mahali pa kukimbia. Kijana mwenyeji aliyekuwa anatuongoza alijua kazi yake. Ndiyo anaanza kisa cha zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini wakati Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, hayupo, filimbi ikapigwa. Filimbi, kanisani! "Jamani twendeni, foleni." Kijana wa watu akanyamaza katikati ya sentensi.

Forodhani sasa. Saa kumi na mbili na nusu, taa ndiyo kwanza zinawashwa, wauzaji wanapanga mishikaki ya pweza, mashine ya miwa inaanza kukoroma, na sisi tunahesabiwa kupanda gari kurudi Bububu. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli la urojo, bhajia hata moja hajagusa. Amelila ndani ya kosta, kila tuta lile rojo la manjano linaruka kwenye gauni. Piga hesabu: dakika 160, shilingi 4,750 kwa kila dakika.

Jumapili ratiba ilisema "mapumziko hotelini." Nikasema hapana. Baada ya swala ya alfajiri tumetoka kimya kimya tukapanda daladala hadi Darajani. Sokoni tumekuta samaki wanapigwa mnada, changu bado wanang'aa. Tukaingia vichochoroni bila ramani, tukapotea, tukatokea Hamamni, tukapotea tena hadi Jaws Corner. Wazee wako kwenye baraza, muuza kahawa ana dele lake, kikombe kidogo na kashata. Mzee mmoja akatuuliza tumefikia wapi. Bububu, nikamwambia. "Ala! Bububu mmefuata nini?" Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka kwa uchungu. Masaa matatu yale, nauli na kahawa na yote, hayakufika elfu ishirini kwa watu wawili. Saa sita tunavuta mabegi kuelekea boti.

Kwa hiyo mwenye Jumamosi na Jumapili tu, panda boti ya asubuhi kabisa mwenyewe, tafuta chumba Shangani au Malindi hata kama ni kidogo na feni inapiga kelele, utembee. Mjini pale gari la nini?

Nimemwandikia mratibu anirudishie nusu. Amejibu: "Brother mbona kwenye picha unacheka?" Picha yenyewe ni ile ya mabati.

Jana kaweka tangazo jipya: "Bagamoyo siku 3, usiku 2, hoteli mjini." Bagamoyo, wakuu, ya kupanda gari stendi ya Makumbusho hapa Dar! Nikamuuliza kwa adabu kabisa, hoteli iko mtaa gani.

Kaniondoa kwenye grupu.